Mwaka ambao watoto walilia majina

Funguo za kabati nimezirudisha, pamoja na pembe ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni na mabuti ya mpira ambayo hakuna aliyeyataka. Vyeo na mishahara sitavizungumzia, kwa sababu habari yake ni fupi na haichekeshi. Nawaandikia ninyi wakunga mnaobaki kwenye ufuko huu wa ziwa Mweru, na naandika kwa Kiswahili kwa kuwa nusu yenu mmetoka ng'ambo ya ziwa na Kibemba chenu bado kinachechemea. Ninyi mliozaliwa upande huu, Kiswahili chenu cha kununulia samaki kitawatosha. Mimi lugha zote mbili nilizinyonya nyumbani: baba alikuwa mvuvi wa Kabuta, mama alivuka ziwa kuja kuolewa naye.

Siku ya kwanza nilifika zahanati ya Kabuta nimevaa viatu vyeupe. Sista Chola, aliyekuwa amezalisha karibu kila mtu niliyepishana naye njiani, aliviangalia viatu na hakuniomba vyeti. "Na hivyo utazalishia wapi, kanisani?" aliniuliza. Kabla ya saa sita mchana viatu vilikuwa vimekwisha kazi yake. Kesho yake alinipa mabuti yake ya zamani, yenye kiraka kisigino, na ndiyo hayo niliyorudisha juzi.

Sista Chola alinifundisha kufunga kitovu kwa uzi uliochemshwa pale vibanio vinapokwisha, na vilikwisha mara nyingi. Alinifundisha kumsikiliza mama kabla ya kumshika. Lakini jambo alilolisimamia kuliko yote lilikuwa penseli. Daftari la kuzaliwa lina safu ya tarehe, ya mama, ya uzito, ya jina na, mwisho kabisa, ya maelezo. Zote tulijaza kwa kalamu ya wino isipokuwa ya jina. Jina tuliandika kwa penseli, tukasubiri kitovu kidondoke na mama arudi na mtoto ametulia. Hapo ndipo tulipotia wino.

Sababu yake mnaijua, ila niiseme kwa ajili ya wageni. Kwetu, na kwa Waluba wa ng'ambo vilevile, mtoto haji mikono mitupu. Anakuja na jina la mtu aliyetangulia, na kazi ya wakubwa ni kulitambua. Wakikosea, mtoto hulia, na wala si kwa njaa; analilia jina lake. Wakubwa humpa jingine, na akinyamaza, ndilo.

Sista Chola hakuidharau desturi hiyo, aliipanga foleni tu. "Kwanza masikio," alisema. "Kisha mdomo, kama una utando mweupe. Kisha pima malaria. Kisha mwangalie mama, kama ana maziwa. Ukimaliza yote hayo na bado analia, ndipo ufute jina. Penseli haina aibu." Foleni hiyo msiivuruge. Nimeona masikio yenye usaha yakibadilishiwa jina mara tatu.

Baada ya Kabuta nilipelekwa Kisiwa cha Kilwa, kilicho ndani ya ziwa hili hili, nikakaa miaka mingi kuliko niliyoahidiwa. Huko nilijifunza kwamba boti ya wagonjwa ni boti yoyote iliyo na mafuta. Nilijifunza pia kwamba mume anayeendesha injini hapaswi kuambiwa mkewe anaendeleaje mpaka mfike nchi kavu.

Kisha watu wakaanza kuvuka kwa wingi, na mimi nikahamishiwa Kenani, kwenye kituo cha kuwapokea. Tulikuwa na hema moja la kujifungulia, vitanda vitatu na pazia lililokuwa likianguka kila mtu alipopiga chafya. Ng'ambo kulikuwa na kamanda aliyejiita Radi. Wenye bunduki waliokuwapo kabla yake walikuwa wamewapora watu mpaka masufuria, naye alikuwa amesema atawafukuza. Wengi wa akina mama wale walikimbia mapigano yake, na hao hao walimshangilia. Mambo hayo mawili hukaa kifuani mwa mtu mmoja bila kugombana. Mwanzoni nilishangaa, baadaye nikaacha.

Siasa sikuisikia redioni, niliipokea ikiwa imefungwa ndani ya nguo. Kila mama huja na kitambaa cha kumpokelea mtoto, na mwaka ule vitambaa vilikuwa fulana zenye sura ya Komanda Radi. Watoto wa kiume waliitwa Radi ukurasa mzima. Wa kike waliitwa Radine, kwa lafudhi ya Kifaransa, ili mambo yawe na heshima.

Na upande wetu haukubaki nyuma. Wafanyabiashara wa Nchelenge walikuwa wamechoka kunyang'anywa mizigo ng'ambo, na Radi alikuwa ameahidi njia wazi. Diwani mmoja, ambaye jina lake namwachia mwenyewe, alipanda juu ya gari katika soko la Kashikishi akasema vita vile ni vya ndugu zetu na ushindi ni wetu pia. Watu walipiga makofi, na mimi nilikuwapo nikipiga. Mkewe alipojifungua kwetu, diwani alikuja mwenyewe kuandikisha jina la Radi kabla mtoto hajafungua macho vizuri. Nilimweleza habari ya penseli. Akatoa kalamu yake mfukoni.

Katika wiki hizo hizo alikuja Feza. Alishuka kwenye boti na uchungu umeshaanza, akaufikisha hemani kwa miguu yake, akiwa peke yake. Mumewe Kabamba alikuwa amebaki ng'ambo na watu wa Radi. Alijifungua mtoto wa kike aliyenitia hofu: alipumua vizuri, rangi yake ilikuwa nzuri, akatutazama mmoja mmoja, na hakulia. Nilimgonga nyayo. Alinitazama tena kama mtu aliyeamshwa bila sababu.

"Jina?" nilimuuliza mama yake.

"Radi."

"Ni msichana, mama. Wenzako wanasema Radine."

"Baba yake alituma mutu wa boti kuniambia: mutoto akizaliwa, aitwe Radi. Hakusema akiwa muke ama mwanaume. Njo kitu moja tu alimupatia. Andika vile alisema."

"Njo" ya ng'ambo ni "ndiyo" yetu. Niliandika kwa penseli. Kitovu kilidondoka, mama akarudi na mtoto ametulia, nikatia wino. Tangu hapo Feza tulimwita Mama Radi, kama desturi.

Sijui hasa ni siku gani watu walianza kubadilika. Nadhani kwa Kabuta ilikuwa siku wapiganaji wa Radi walipowanyang'anya vijana wetu injini za boti na nyavu katikati ya ziwa, wakawaacha warudi kwa kupiga makasia. Kwa wakimbizi ilikuwa pale boti zilipoanza kuleta watu waliomkimbia Radi mwenyewe, nao walikuwa na masufuria machache kuliko wale wa kwanza. Diwani alipanda juu ya gari lile lile, soko lile lile, akasema hajawahi kuwaunga mkono majambazi. Watu walipiga makofi, na safari hii mimi nilikuwa kazini. Fulana sikuziona tena juu ya watoto. Niliziona zikitumiwa kupigia deki chini ya kitanda cha kujifungulia, sura juu.

Ndipo watoto walipoanza kulia.

Wa kwanza alikuwa na miaka karibu mitatu. Mama yake alimweka mbele ya meza yangu.

"Sista, huyu mutoto analia sana. Jina yake haimupende."

"Analia saa ngapi?"

"Kila saa."

Mtoto alikuwa anatafuna muwa. Alinipa kipande, nikakipokea. Nilitazama masikio yake, nikatazama mdomo, nikapima malaria, yote kwa utaratibu wa Sista Chola, kisha nikakata Radi nikaandika Pacifique. Katika safu ya maelezo niliandika: mtoto alilia. Kesho yake walikuja wawili. Wiki iliyofuata benchi lilijaa, na hakukuwa na mtoto hata mmoja aliyekuwa akilia.

Diwani alikuja na gari. Mtoto wake alikuwa amelala fofofo begani kwa dereva.

"Sista, umwana alelila," alisema, maana yake mtoto analia.

"Punguza sauti, Ba Councillor," nilimwambia. "Utamwamsha."

Hakucheka. Jina lile alikuwa ameliandika mwenyewe kwa wino wake, kwa hiyo nililipitisha mstari kama mengine, na mstari ule bado upo kwenye daftari la zamani kwa anayetaka kuuona. Niseme haki: sikuwadharau. Maisha yangu yote sijasikia mtu akisema, nilikosea, nimebadili mawazo. Desturi ya kulilia jina iliwapa mlango wa nyuma, wakapita wote bila kugusana mabega, na mimi ndiye niliyewashikia mlango.

Feza hakuja. Wanawake walianza kumwita Feza tu, ili wasitaje jina la mtoto. Siku ya kupima uzito, Radi alipofika kwenye mizani, mama mmoja alimvuta wa kwake pembeni. Mwingine akasema kwa sauti ya kutosha kwamba watu wengine bado wanamlisha yule muuaji ndani ya nyumba zao. Feza alikuwa akimvalisha mtoto suruali ya mizani. Aliendelea mpaka akamaliza.

"Mutoto wangu halie," alisema. "Tangu azaliwe hakulia, Sista iko shahidi. Ile vita ilikuwa ya mwote. Mwote mulipiga makofi. Weye, mama, ulikuja hapa na ile shimizi ya sura ya Radi, ulimufunga nayo mutoto. Sasa mumetupa, muzuri. Lakini haitabebwa na mutoto wangu peke yake."

 Nami nilisoma mizani na kuandika kilo.

Mambo hayakuishia kwenye maneno. Bombani mtoto alisukumwa akapasuka kidevu, nikamshona nyuzi mbili, na hata hapo hakulia. Mzee wa bloku alimwambia Feza kwamba kama hasikii, atafutiwa hema la mbali. Nilimsihi Feza mara mbili abadili jina. Mara ya pili aliniuliza kama na mimi nimeanza kuogopa herufi nne.

Sasa nafika kwenye kosa langu, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Mvua iliingia hemani ikalowesha daftari, nikapewa jipya ili ninakili. Nilinakili siku mbili. Nilipofika mstari wa Radi, mkono ulisimama. Nilikuwa nimesikia kwamba shule ya chekechea itachukua majina kutoka kwetu. Nikawaza: wakimwita jina jingine darasani, wenzake watazoea, mama naye atazoea, kidevu kitapona. Niliandika Amani, kwa wino. Na kwa kuwa safu ya maelezo haiwezi kubaki tupu, niliandika: mtoto alilia. Katika uongo wote wa ukurasa ule, huo ulikuwa wangu mwenyewe. Feza sikumwambia.

Haikusaidia kitu. Mwalimu wa chekechea hakuchukua majina kwetu, alimuuliza kila mama mlangoni. Feza alisema Radi, mwalimu akaandika Radi. Baadaye walihamia makazini, yaani makazi ya kudumu ya wakimbizi, wakapewa kiwanja, Feza akalima mihogo, na watu huko walikuwa na magugu ya kutosha wasimfikirie kamanda. Mimi nilisahau. Daftari halisahau, ndiyo kazi yake.

Miaka ikapita. Radi kamanda alisahauliwa kabisa, na nilipoanza kuhesabu miezi ya kustaafu, jina la kamanda mwingine likaanza kuja na boti. Watu walilitamka kwa tabasamu lile lile. Diwani alikuwa diwani mwingine, lakini gari la kupandia halikukosekana. Niliandika watoto wawili kwa jina hilo, kwa penseli, nikanoa penseli nyingine nikaweka tayari.

Wiki niliyokuwa napanga droo ili nikabidhi, nilikuta karatasi ya watu wale wanaotafuta jamaa waliopotezana kwa vita. Ilikuwa imeandikwa kwa mashine: *Mtoto, Radi. Mama, Feza. Alivuka kwa boti akiwa mjamzito, akafikia Kenani. Anayetafuta, Kabamba, baba.* Chini yake kulikuwa na jibu kwa mwandiko safi: *Tumepitia daftari lote. Mtoto huyo hayupo.* Ilikuwa na karibu mwaka mmoja.

Mwandiko ulikuwa wa Mwamini, mwenzenu aliyeajiriwa, akaijibu karatasi ile, wakati nilipokuwa Kilwa kwa chanjo. Nilimwita.

"Nilitafuta muzuri, Sista," alisema. "Bafeza walikuwa watano. Hakuna hata moja iko na mutoto Radi. Nilikosea wapi?"

Hakukosea popote. Feza alikuwa makazini, Mwamini hakuwahi kumwona, na Radi wote mimi nilikuwa nimewakata mmoja mmoja. Mwamini alisoma daftari kama daftari linavyotakiwa kusomwa. Nilimwambia akaendelee na kazi, nikakaa kitako juu ya boksi la glavu. Niliona haya, na haya hiyo haijaniisha hata sasa ninapoandika.

Kesho yake nilikwenda makazini. Feza alikuwa anamenya mihogo mlangoni. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa kuwa sikustahili kigoda. Aliendelea kumenya muhogo ule mpaka mwisho, akautia majini.

"Kabamba ni muzima?"

"Mwaka jana alikuwa mzima."

"Alimutafuta mutoto wake, mukamuambia hayupo."

"Mimi ndiye. Mwamini hana kosa."

"Miaka yote hii nilishika ile jina ili baba yake akikuja aipate," alisema. "Batu balinitukana, nikashika. Na weye ulikuwa unaniita dada." Alifuta kisu kwenye kitenge. "Andika barua ingine, Sista. Andika leo."

Niliandika mbele yake, na tulingoja wiki nyingi. Kituo alichoandikia Kabamba kilijibu kwamba amehama, wanamtafuta. Nilizeeka zaidi wiki zile kuliko miaka yote ya Kilwa. Feza alikuja kila siku ya soko, akauliza kwa neno moja, nikajibu kwa neno moja, akaondoka.

Kabamba alifika asubuhi moja kwa boti ya wachuuzi, siku nne kabla ya kustaafu kwangu. Alikuwa amekonda, ameshika ile barua ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, akakaa kwenye benchi la akina mama wajawazito kwa kuwa hakujua pengine pa kukaa. Nilituma baiskeli makazini. Feza alikuja na mtoto. Walisalimiana kwa mikono, kama watu kwenye msiba, kisha Feza akakaa mwisho mwingine wa benchi.

Kabamba aliniambia mimi kwanza, kana kwamba ni rahisi zaidi. Alikuwa amemfuata yule kamanda miaka mitatu, akamwona kwa karibu, akatoroka.

"Walipoleta jibu kwamba mutoto hayupo," alisema, "sikushangaa. Nilisema, njo malipo yangu."

Kisha akamgeukia mkewe. "Nilikuwa ninamutafuta nimuone. Na tena nimutoshe ile jina. Tumubadilishie, Feza."

"Juu ya nini? Mutoto halie."

"Haiko yeye," Kabamba alisema. "Njo miye nalia."

Nilikuwa na penseli mfukoni. Niliishika, kwa mazoea. Feza alimtazama mumewe, na nikaona uso wake ukilegea kidogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mihogo.

"Basi lia, Baba Radi," alisema. "Utanyamaza. Jina ni ya mutoto sasa, haiko ya ule mutu tena."

Akamwita mtoto, ambaye alikuwa nje anasoma bango la chanjo kwa sauti. Radi aliingia, akasimama mbele ya mgeni, akamtazama kuanzia miguuni hadi usoni, kovu lake dogo likionekana kidevuni. Hakulia. Aliyelia ni yule mwanaume.

Nilifungua daftari, nikautafuta mstari. Amani nililipitisha wino mbele yao wote, nikaandika Radi kwa wino. Safu ya maelezo ya ukurasa ule, kutoka juu hadi chini, inasema mtoto alilia, mtoto alilia, mtoto alilia. Ile ya kwangu niliikata, nikaandika pembeni yake: mkunga alikosea.